Kaimu wa Miaka Tisa

Kule Yatta kuna mtoto wa Gredi ya Kwanza anayeitwa Kaimu. Babu yake hakuitwa hivyo, wala hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuitwa hivyo. Mama yake alikuwa na watoto wengine wawili shuleni kwetu, na kila akija mkutanoni alisikia watu wakisema Kaimu amesema hivi, Kaimu ameenda pale. Akadhani ndilo jina la mwalimu mkuu, kama mtu anavyoitwa Mutua au Musyoka. Alipojifungua wa tatu, akampa jina la mwalimu aliyemheshimu kuliko wote.

Kaimu mwenyewe, yaani yule mwalimu, alipopata habari hiyo alimfuata mama wa mtoto hadi langoni.

"Asi! Mmempa mtoto cheo cha muda?" akamwambia yule mama. "Na akithibitishwa ataitwa nani?"

Cheo hicho kilimjia hivi. Mwalimu mkuu wetu alistaafu, na barua ikaja ikimwambia naibu wake ashike ofisi kwa muda, hadi atakapoletwa mwenye ofisi. Huo muda ukawa miaka tisa. Mimi nilipangiwa shule hiyo katika mwaka wake wa pili, nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili. Kwa hiyo kwa miaka saba niliongozwa na mtu ambaye kila asubuhi alitutangazia kwamba yeye si kiongozi wetu.

Yule anayetarajiwa alimwita Mwenyewe. Ukimwendea na jambo, hata dogo, alikusikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema, "Hilo ni la maana sana, Madam. Tungoje Mwenyewe aje." Milango ya madarasa ilikaa na rangi ya kwanza, ile ya kijivu ya kutangulizia, kwa miaka mitatu mizima, maana kuchagua kati ya buluu na kijani lilikuwa jambo la Mwenyewe. Watoto walilisikia jina hilo kila siku. Wakati mmoja msichana wa Gredi ya Pili, alipoitwa kuomba kwenye gwaride, aliwaombea wagonjwa, akaomba mvua, halafu akamalizia: "Na Mwenyewe umlete salama, na asipande pikipiki." Sote tukaitikia amina. Kaimu aliitikia kwa sauti kuliko sote.

Mpishi wa shule, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alikuwa akimiminia chai walimu saa nne. Kila siku alimimina kikombe kimoja zaidi.

"Hicho ni cha nani?" nilimuuliza siku yangu ya kwanza.

"Cha Mwenyewe."

"Na hunywewa na nani?"

"Mwalimu wa Hesabu."

Ofisini palikuwa na kiti. Wazazi walikileta kumkaribisha mwalimu mkuu mpya, na kilikuwa kiti hasa, cheusi, chenye magurudumu na mgongo mrefu, kimefungwa kwa nailoni tangu dukani. Kaimu hakukikalia hata siku moja. Alikalia kiti cha plastiki kando ya meza, akaandika akiwa amejikunja kama mtu anayekula kwa watu. Mgeni akija, alimpa kile cha plastiki, yeye akasimama. Wageni wakiwa wawili, wote watatu walisimama.

Basi mwaka fulani kuku wa mpishi alipita mlangoni, akakiangalia kile kiti, akaruka, akatoboa nailoni kwa kucha, akataga. Kesho yake akarudi. Nilimkuta Kaimu ameinama juu ya mafaili yake, na kuku ametulia kitini nyuma ya meza, anatutazama kama tumechelewa kuripoti.

"Mwalimu," nikasema, "si umfukuze?"

"Kwa nini? Kuku si mtumishi wa umma. Mwenye hana ruhusa ya kukalia hiyo kiti ni mimi."

"Nani alikukataza?"

Akafikiri. "Hakuna alinikataza. Lakini hakuna aliniambia nikae."

Kuku alipoanza kuatamia, tuliagizwa tubishe hodi polepole. Hata afisa wa elimu alipofika kutoka mjini alipokelewa nje, uani, chini ya bendera, akaambiwa kwamba ofisini kuna shughuli. Akauliza shughuli gani. Kaimu, ambaye hakuwahi kusema uongo katika maisha yake, akajibu, "Ya uzazi." Afisa akaogopa kuuliza zaidi. Vifaranga walitoka tisa, na kiti kikapanguswa, kikafungwa nailoni nyingine.

Lingine lilikuwa sahihi yake. Barua zote alizitia sahihi na kutanguliza herufi k.n.y., yaani kwa niaba ya. Kwa niaba ya nani, hakuna aliyejua, kwa sababu mwalimu mkuu hakuwapo. Mkono ulizoea. Alitia k.n.y. kwenye kadi za michango, kwenye kitabu cha wageni, kwenye fomu ya kliniki. Binti yake alipofunga ndoa, aliitwa mbele akashuhudie, akainama juu ya daftari la kanisa akaandika. Kasisi akalisoma, akavua miwani.

"Mzee, umemwoza binti yako kwa niaba ya nani?"

Kanisa zima lilicheka, na mke wa Kaimu akacheka hadi kilemba kikamwanguka. Ilibidi mstari huo ukatwe, aandike upya, na kasisi akiwa amemshika kifundo cha mkono.

Lakini nisije nikamfanya mtu huyu kichekesho kitupu. Kulikuwa na siku ya nyuki.

Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita. Msimamizi alikuwa amefika kutoka mjini na bahasha zake zilizofungwa, kijana wa suti ya kubana, pamoja na askari mmoja wa kuilinda mitihani. Watahiniwa walikuwa arobaini na mmoja. Zikiwa zimebaki dakika arobaini tu, kundi la nyuki likaingia chini ya mabati ya chumba cha mtihani na kujaa darini. Darasa la pili yake lilikuwa na dari hiyo hiyo, kwa hiyo na nyuki hao hao. Darasa la tatu vilevile. Lilibaki lile la chekechea, ambalo madawati yake yanafika magotini.

Msimamizi alianza kutoa jasho. "Mtihani lazima ufanyike kwa chumba," akasema. "Imeandikwa. Na saa ikipita kabla hatujaanza, nitaandika hawa wote hawakufika."

"Arobaini na mmoja?" nikauliza.

"Madam, sio mimi. Ni maagizo."

Alijaribu kupiga simu ofisini kwake. Mtandao hakuna. Akapanda juu ya jiwe, akapanda kwenye ngazi za tangi la maji. Hakuna. Watoto walikuwa wamesimama uwanjani na kalamu zao mbili mbili, wengine wameanza kulia. Walimu sote tulimgeukia Kaimu, na moyoni mwangu nilijua atakachosema. Nilikwisha kukisikia masikioni: tungoje Mwenyewe.

Kaimu akamwuliza msimamizi, "Hiyo chumba, imeandikwa iwe na paa?"

"Nini?"

"Soma."

Kijana akafungua kijitabu chake, akapekua. "Chumba kiwe na nafasi ya kutosha. Kiwe na hewa na mwanga wa kutosha. Kiwe na mlango unaolindwa."

"Hewa iko," akasema Kaimu. "Mwanga uko. Askari uko?"

"Niko," akasema askari.

Sikuwahi kumwona mtu akibadilika hivyo. Alimtuma mwalimu wa Kilimo alete kamba ya katani na fito. Akamwita mpishi aje na kuni zinazofuka moshi. Yeye mwenyewe akavaa gunia la mahindi, akalitoboa matundu mawili ya macho, akaingia mle ndani kwenye nyuki. Mpishi alisimama dirishani akipepea moshi na kuwatukana nyuki kwa Kikamba, na dirishani hapo hapo madawati yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, sisi tukiyapokea na kukimbia nayo. Alitoka wa mwisho. Sikio lake la kulia lilikuwa limeumuka kama andazi.

Uwanjani, kando ya nguzo za voliboli, tayari kulikuwa na fito nne na kamba iliyozungushwa kwa urefu wa kiuno. Upande mmoja waliacha nafasi kati ya fito mbili.

"Hii ni chumba," akasema Kaimu. "Mlango ni hapa. Askari, simama."

Askari akasimama mlangoni, uso mkavu, bunduki begani. Watoto wakaingia kwa mstari, mmoja mmoja, wakikaguliwa. Msimamizi alikuwa upande wa pili na bahasha zake. Alipoona muda unamwishia akainua mguu na kuiruka kamba.

"Wewe!" Kaimu alinguruma, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akinguruma. "Umepita kwa ukuta! Rudi!"

Kijana akarudi. Akairuka kamba kinyumenyume, akazunguka chumba chote, akasimama mbele ya askari, akapekuliwa mifukoni, akaingia kwa mlango. Kengele ililia dakika mbili kabla ya saa.

Walifanya mtihani vizuri kabisa. Mbuzi wa jirani alikuja akaweka kichwa juu ya kamba kuwatazama, na Kaimu akamwendea akamnong'oneza aondoke dirishani. Mtoto mmoja aliyeomba kwenda msalani alitoka kwa mlango na kurudi kwa mlango. Siku zote tatu za mtihani ilikuwa hivyo, na siku ya mwisho yule msimamizi, kabla ya kupanda gari, aliingia chumbani peke yake akatazama huku na huku, kisha akatoka akifunga mlango ambao haukuwapo. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, nadhani.

Jioni ya ile siku ya kwanza nilimkuta Kaimu ofisini, kitambaa chenye maji sikioni.

"Madam, leo nimefanya uamuzi?"

"Umefanya, Mwalimu. Tena umefanya kama mia."

"Nisaidie kuandika kwa kitabu cha matukio. Wewe uko na Kiswahili." Akanisogezea kalamu. "Andika: Uamuzi ulifanywa."

"Na nani?"

"Hapana, usiandike na nani. Ulifanywa tu."

Baada ya hapo sisi walimu tukaona aibu. Tukaamua huyu mtu lazima apewe cheo chake. Nafasi ilipotangazwa tulimjazia fomu, tukamfundisha usaili katika chumba cha walimu. Mimi na mwalimu wa Hesabu tulikuwa jopo. Tulimkalisha mbele yetu na tai.

"Ukiwa mwalimu mkuu," nikamwuliza, "jambo la kwanza utafanya nini?"

"Nitamwuliza mwalimu mkuu."

"Mwalimu mkuu ni wewe!"

"Mimi?" Aliangalia nyuma yake. Nakwambia aligeuka kabisa, akaangalia nyuma.

Usaili wa kwanza alishindwa. Wa pili alishindwa. Wa tatu alituambia alijibu kila swali vizuri, na tulimwamini, kwa kuwa tulikuwa tumemkaririsha majibu hadi mpishi naye alikuwa anayajua. Lakini alipokuwa akitoka, mwenyekiti wa jopo alimwambia kwa adabu, "Tutakujulisha." Naye, kwa adabu hiyo hiyo, akajibu, "Mkipata mtu, mniambie mapema nimwekee chai."

Wakapata mtu.

Mwenyewe alifika Jumatatu, mwanamke kijana kutoka upande wa Mavoko, mkoba wa kompyuta mgongoni. Alikuja kwa pikipiki, na yule msichana wa sala, ambaye sasa alikuwa Gredi ya Sita, akaziba macho. "Niaje, walimu!" akatusalimu, kisha akatuona nyuso zetu, akajirekebisha. "Habari zenu?"

Kaimu alimtembeza asubuhi yote. Nilikuwa nyuma yao nimebeba faili. Alimwonyesha tangi, ghala la chakula, kamusi nne, ramani, mipira miwili. "Hii miti ni yako," akamwambia kwenye uzio. "Ilikuwa inanifika hapa, sasa ona. Hii tangi ni yako. Hawa watoto ni mia tatu na kumi na wawili, wako wote leo, mmoja pekee ana tetekuwanga." Kila kitu alikikabidhi kana kwamba alikuwa amekishika kwa mkono ulionyooshwa kwa miaka tisa. Halafu ofisini akaichana nailoni, akapangusa kiti kwa leso yake, akasimama kando.

Mwenyewe akakaa. Kiti kikalia kwii. Kaimu akapiga makofi, nasi tukafuata, kwa sababu hatukujua la kufanya.

"Lakini Mwalimu," akasema yule dada, akijizungusha kidogo, "si ungejikalia tu? Miaka yote hiyo!"

Kaimu alicheka sana. Alicheka hadi tukacheka sote.

Wiki hiyo hiyo, wakati wa mapumziko, nilipita darasa la Gredi ya Nne nikamwona ndani peke yake. Amekaa dawati la nyuma, ameukabili ukuta ulio na ramani.

"Uko sawa, Mwalimu?"

"Niko sawa, Madam. Natafuta Uganda."

Uganda ilikuwa pale pale mbele ya pua yake. Nilimwacha aitafute.

Muhula uliofuata alihamishwa shule moja upande wa Mitaboni, ambayo mwalimu mkuu wake alikuwa mgonjwa. Alipelekwa kushika ofisi, kwa muda. Alistaafu akiwa huko. Mimi nami nikapanda ngazi, na mwaka jana nikapewa shule yangu, huku upande wa Katangi.

Muhula uliopita nilikuwa na mkutano wa wazazi. Nilikuwa nimezungumza nusu saa hivi wakati mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliinua mkono. Kabla sijamruhusu alikuwa amesimama. Alilalamikia uji, kwamba ni mwepesi. Akalalamikia kengele, kwamba hailii kwa wakati. Akasema choo cha wasichana kiko mbali, lango ni bovu, na mkutano wenyewe umechelewa kuanza. Hakusema hata mara moja kwamba tungoje mtu. Alitaka yote yafanywe leo. Wazazi walimpigia makofi, na mimi nilikuwa nimesimama pale mbele nimeshika karatasi zangu, mdomo wazi, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimemtambua. Kaimu alikuwa amekuja kwa ajili ya mjukuu wake.

Baada ya mkutano alibisha ofisini, amebeba kayamba mkononi.

"Madam, umenenepa," akasema. "Hongera. Sasa niko na kesi."

Kayamba ilikuwa kazi ya nyumbani ya mjukuu, Gredi ya Nne. Mwalimu wangu alikuwa ameibandikia karatasi ya alama: Kukaribia matarajio.

"Nani aliitengeneza?" nikauliza.

"Mtoto."

"Mwalimu."

"Mtoto alishika gundi," akasema. "Lakini miaka thelathini na tano nimefundisha, halafu niambiwe nimekaribia? Kukaribia wapi? Sikiza hii."

Akaitikisa. Kusema kweli ililia vizuri. Akaitikisa tena, akianza hata kuchezesha mabega, sikio lile la kulia bado kubwa kuliko mwenzake. Mara ya tatu matete yakaachana na mbaazi zote zikamwagika, zikatawanyika sakafuni hadi chini ya kabati.

Tuliziangalia.

"Mwalimu wako alikuwa sawa," akasema.

Tukapiga magoti, yeye huku na mimi kule, tukaanza kuokota. Nje watoto walikuwa wakikimbizana, na mjukuu wake akiwa miongoni mwao. Sijui ni kwa sababu hatukuwa tukitazamana, lakini nikamwuliza kitu ambacho katika miaka saba sikuwahi kumwuliza.

"Mwalimu, ile kazi. Ulikuwa unaitaka?"

Hakuacha kuokota. Alijaza kiganja, akamimina mbaazi ndani ya kofia yake, akarudi.

"Niliitaka sana," akasema. "Kila asubuhi nikiamka, niliitaka."

Nikaingiza mkono chini ya kabati, nikatoa mbaazi tatu.

"Iko ingine hapo, Madam," akasema. "Karibu na goti lako."

Nikaiokota, nikampa.